Kiti cha Ishirini

Alhamisi ya Februari 17, 2011, Seneti ya jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, ilikutana mjini Madison ipige kura. Majina yalipoitwa, waliokuwepo walikuwa wa chama cha Republican, ambacho kilikuwa na maseneta 19. Wale 14 wa Democratic hawakuonekana ukumbini wala ofisini mwao. Walikuwa barabarani wakielekea kusini, na siku hiyohiyo wakavuka mpaka na kuingia Illinois, mahali ambapo polisi wa Wisconsin hawana mamlaka.

Seneti hiyo ina viti 33. Kwa mswada wa kawaida, akidi ni wajumbe 17. Lakini katiba ya jimbo inataka mswada unaogusa fedha za umma upigiwe kura wakiwepo tatu ya tano ya wajumbe, yaani watu 20. Republican walikuwa na wingi wa kutosha kupitisha karibu lolote walitakalo, isipokuwa walipungukiwa na mtu mmoja wa kukaa kwenye kiti cha ishirini. Tumezoea kuona wapinzani wakisusia kikao, wakazungumza na waandishi wa habari nje, na huko ndani shughuli zikaendelea kama kawaida. Safari hii zilisimama.

Mswada wenyewe ulikuwa umetangazwa siku sita tu kabla. Gavana Scott Walker, aliyeapishwa mwezi Januari, alisema jimbo lina upungufu wa dola milioni 137 hadi mwisho wa Juni, na dola bilioni 3.6 kwa miaka miwili ya bajeti iliyokuwa ikija. Akapendekeza watumishi wa umma wachangie pensheni yao kwa kiasi cha asilimia 5.8 ya mshahara na walipe asilimia 12.6 ya gharama ya bima ya afya. Kwa familia ya mwalimu hayo ni makato yanayouma. Hata hivyo, ndani ya wiki ileile viongozi wa vyama vikubwa vya wafanyakazi walisema wako tayari kuyakubali, mradi haki yao ya kujadiliana na mwajiri iachwe. Gavana alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba ruzuku kwa kaunti na shule ingepunguzwa, na wakuu wa huko wasingeweza kubana matumizi huku mikataba ya vyama imewafunga mikono.

Ukisoma vifungu vyenyewe unaelewa kwa nini pesa haikutosha kumaliza ugomvi. Chama kingeruhusiwa kujadili mshahara wa msingi peke yake, na nyongeza isingezidi mfumuko wa bei bila wananchi kuikubali kwa kura ya maoni. Saa za kazi, usalama kazini, idadi ya wanafunzi darasani, yote hayo yangetoka mezani. Ada ya uanachama isingekatwa tena kwenye mshahara. Na kila mwaka chama kingelazimika kupigiwa kura upya ili kiendelee kutambuliwa, kikihitaji zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wa kitengo, si nusu ya waliojitokeza. Asiyepiga kura, hata kama alikuwa amelazwa hospitali, angehesabiwa amekikataa chama. Polisi na wazima moto wengi waliachwa nje ya masharti haya.

Jambo hilo liligusa mahali pake hasa. AFSCME, chama kikubwa cha kitaifa cha watumishi wa majimbo, kaunti na miji, kilizaliwa Madison mwaka 1932, kwa watumishi waliohofia kwamba wanasiasa wangefuta utaratibu wa kuajiri watu kwa sifa. Mwaka 1959, chini ya Gavana Gaylord Nelson, Wisconsin ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwapa watumishi wa miji na kaunti haki ya kujadiliana kwa pamoja. Mmoja wa maseneta 14 waliokimbia, Fred Risser, alikuwa mbunge kijana katika bunge hilo la 1959. Sasa, akiwa na umri wa miaka 83, alikuwa anaishi na begi hotelini Illinois.

Kule Madison, siku mbili kabla ya maseneta kuondoka, kamati ya fedha ilikuwa imefungua mlango kwa wananchi watoe maoni, kila mtu dakika mbili. Watu wakajiandikisha kwa mamia, na waliongea usiku kucha. Kulikuwa na mantiki katika foleni ile: maadamu maoni yanasikilizwa, jengo la bunge haliwezi kufungwa. Wajumbe wa Republican walipomaliza kikao usiku wa manane, wenzao wa Democratic waliendelea kusikiliza. Wanafunzi na wasaidizi wa kufundisha wa chuo kikuu wakatandika mablanketi kwenye sakafu ya marumaru chini ya kuba. Mkahawa mmoja wa piza mtaa wa jirani ukaanza kupokea simu kutoka majimbo mengine na hata Misri, ambako siku chache tu kabla watu walikuwa wamemwondoa Rais Mubarak, wakilipia chakula cha watu wasiowajua. Wazima moto, ambao mswada haukuwagusa, waliingia kwa gwaride wakipiga zumari za Kiskoti. Nikikumbuka picha za siku zile, hiyo ndiyo ninayobaki nayo: watu waliosamehewa wakikataa kuuchukua msamaha peke yao.

Shule za Madison zilifungwa siku kadhaa kwa sababu walimu wengi walipiga simu kusema wanaumwa, na wazazi wakahangaika kutafuta wa kuwaangalia watoto. Si vyema kulificha hilo. Wala si vyema kuidharau hoja ya Republican kwamba mtu huchaguliwa ili akae kitini apige kura, na kwamba kama kila anayezidiwa kwa idadi atavuka mpaka, uchaguzi hauna kazi. Seneti iliwatoza wasiohudhuria faini ya dola 100 kwa kila siku ya kikao, ikazuia mishahara yao isiingie benki mpaka waifuate wenyewe, na Machi 3 ikaamuru wakamatwe. Mbinu yao haikuwa ngeni. Abraham Lincoln, akiwa mbunge wa Illinois mwaka 1840, aliruka dirishani kujaribu kuvunja akidi, na mwaka 2003 Wademocrat wa Texas walikwenda kujificha Oklahoma.

Kwa maoni yangu walifanya sawa, na sababu ni zile siku sita. Utaratibu wa miaka 52 ulikuwa uondolewe kabla wengi wa waliohusika hawajamaliza kuusoma mswada. Maseneta 14 hawakuwa na kura za kuuzuia. Walichoweza kuwapa watu ni wiki tatu, na katika wiki hizo vifungu vilijadiliwa jikoni, makanisani na kwenye baa katika kila kaunti.

Jioni ya Machi 9 wiki hizo zikaisha. Kamati ya pamoja iliitishwa kwa taarifa ya chini ya saa mbili. Kiongozi wa Democratic katika bunge la chini, Peter Barca, alisimama akisoma kwa sauti sheria ya mikutano ya hadhara inayotaka taarifa ya saa 24, na katikati ya maneno yake kura ikaitwa. Vifungu vya fedha viliondolewa, hivyo akidi ikawa 17. Seneti ikaupitisha mswada kwa kura 18 dhidi ya moja, ya Dale Schultz wa Republican. Gavana alikuwa ameeleza tangu mwanzo kwamba kupunguza haki ya majadiliano ni suala la bajeti. Usiku ule lilipita kwa sababu tu lilitenganishwa na bajeti. Machi 11 mswada ukatiwa saini. Kesho yake wale 14 walirudi, na wakapokewa na umati wa makumi ya maelfu, wakulima wakizunguka jengo kwa matrekta.

Mahakama Kuu ya jimbo iliithibitisha sheria mwezi Juni kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Juni 2012 Walker alishinda kura ya kumwondoa kabla ya muda wake, gavana wa kwanza Marekani kufanya hivyo. Uanachama wa vyama vya wafanyakazi Wisconsin ulikuwa zaidi ya asilimia 14 mwaka 2010. Miaka sita baadaye ulikuwa karibu asilimia 8.

Desemba 2024 jaji wa kaunti ya Dane, Jacob Frost, alibatilisha sehemu kubwa ya sheria hiyo, ingawa hukumu ilisitishwa kusubiri rufaa. Alichoshika ni ule mgawanyo wa walioguswa na wasioguswa, akiona hauna msingi. Miongoni mwa askari ambao sheria haikuwahesabu kuwa walinzi wa usalama wa umma, na hivyo wakapoteza haki yao pamoja na walimu, walikuwemo polisi wa jengo la bunge, waliokesha na waandamanaji chini ya kuba.