Upoozaji wa kompyuta za umbo dogo

Upoozaji wa kompyuta za umbo dogo ni kazi ya kuondoa joto katika kompyuta ya mezani ambayo kasha lake halizidi lita 20 hivi, ilhali limebeba prosesa na kadi ya michoro zilezile zinazowekwa katika makasha ya lita 40 au 50. Nyingi ya kompyuta hizi huundwa na wenyewe, kipande kwa kipande, juu ya bodi mama ya Mini-ITX. Kipimo hicho kilitolewa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001: mraba wa milimita 170 kwa 170, wenye nafasi moja tu ya kuchomeka kadi. VIA ilikusudia bodi hizo kwa prosesa zake zilizotumia umeme kidogo. Wapenzi wa michezo ya kompyuta ndio waliokuja kuzitwisha mzigo mzito.

Hesabu ya joto

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Prosesa inayotumia wati 100 na kadi ya michoro inayotumia wati 300 ni tanuri la wati 400, na pawa saplai huongeza kidogo juu yake. Mita moja ya ujazo ya hewa, kwenye usawa wa bahari, huhitaji takriban kilojuli 1.2 ili ipande kwa nyuzi joto 1. Basi ukitaka hewa itoke kashani ikiwa imepanda kwa nyuzi 10 tu, lazima zipite lita 33 kila sekunde, sawa na mita za ujazo 120 kwa saa. Feni bora ya milimita 120, kama NF-A12x25 ya Noctua, hutajwa kusukuma mita za ujazo 102 kwa saa inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, lakini kipimo hicho huchukuliwa pasipo kizuizi mbele wala nyuma. Ikikutana na matundu, nyaya na mapezi ya alumini, kiasi hicho hushuka sana.

Katika hesabu hiyo yote, ujazo wa kasha haukutajwa, na haukusahauliwa. Kasha la lita 10 hubadilisha hewa yake zaidi ya mara tatu kwa sekunde. La lita 50 huchukua sekunde moja na nusu kufanya hivyo mara moja. Joto linalotoka ni lilelile. Dhana kwamba kasha dogo huchemka kwa kukosa nafasi ya hewa inakosea sababu. Sababu zenyewe ni mbili: vipoozeo vinavyoenea humo ni vifupi, na hewa iliyokwisha kupata moto iko jirani mno na tundu la kuingilia.

Hewa inayorudi

Sababu ya pili ndiyo inayowasumbua waundaji wengi, na ndiyo wanayoitambua mwisho. Feni ya kipoozeo haichagui hewa. Huvuta ile iliyo karibu na isiyo na kizuizi. Kati ya feni za kadi ya michoro na ukuta wenye matundu mara nyingi hubaki mwanya wa sentimita moja hadi tatu. Hewa moto inayotoka kwenye mapezi ya kadi huteleza pembeni, huingia kwenye mwanya huo na kuvutwa tena, mfano wa mtu aliyejifunika shuka gubigubi akawa anavuta pumzi yake mwenyewe. Kuongeza kasi ya feni hakumsaidii sana mtu huyo, kwani inayozungushwa kwa kasi zaidi ni hewa ileile.

Dawa yake ni rahisi, na kwa mtazamo wa mwandishi inadharauliwa kuliko inavyostahili: kuziba mwanya. Wengine hukata sponji ngumu kwa umbo la feni na kuibana kati ya feni na ukuta. Wengine huchapa bomba fupi la plastiki kwa printa ya 3D. Noctua yenyewe inauza seti ya vipande vya sponji, NA-FD1, kwa ajili ya vipoozeo vyake vya NH-L9. Sponji ikikaa sawasawa, kila lita ya hewa inayoingia kwenye kipoozeo imetoka chumbani. Feni mpya ya bei ghali katika kasha lenye mwanya haiwezi kuahidi hilo.

Kanuni hiyo huhusu pawa saplai pia. Zile za kipimo cha SFX, zenye upana wa milimita 125, urefu wa 100 na unene wa 63.5, huwekwa feni yake ikitazama ukuta wenye matundu kila inapowezekana, ili ivute hewa ya nje na isigombanie hewa ya ndani na prosesa.

Mipangilio ya ndani

Mpangilio unaojulikana zaidi katika makasha ya chini ya lita 12 ni wa kugawa kasha vyumba viwili: bodi mama upande mmoja, kadi ya michoro upande wa pili, zikipeana migongo na kuunganishwa kwa kebo bapa ya PCIe. Kasha la A4-SFX la DAN Cases ya Ujerumani, lililochangiwa na wanunuzi kupitia Kickstarter mwaka 2016, lilifanya hivyo ndani ya lita 7.2. Faida ya mpangilio huu ni kwamba prosesa na kadi kila moja ina ukuta wake wa kupumulia. Gharama yake ni kimo cha kipoozeo: katika A4-SFX hakiruhusiwi kuzidi milimita 48. Kipoozeo cha NH-L9i, pamoja na feni yake nyembamba ya milimita 14, kina kimo cha milimita 37, na kinamudu vyema prosesa za wati 65. Zaidi ya hapo huanza kulemewa.

Kadi za michoro za kisasa zimeleta utata mpya. Tangu RTX 3080 ya mwaka 2020, kadi ambazo Nvidia huzitoa kwa jina lake zimekuwa na feni inayopuliza hewa ikapenya hadi upande wa pili wa kadi. RTX 5090 ya mwaka 2025 ina feni mbili za namna hiyo, na kwa njia hiyo inapooza wati 575 ikiwa na unene wa nafasi mbili tu. Ni usanifu wa kusifiwa, mradi kuna mahali pa hewa hiyo kwenda. Katika kasha la vyumba viwili inagonga ukuta wa kati, inakosa njia na kusambaa kashani, na bodi mama iliyo upande wa pili inapashwa moto usio wake. Kwa makasha kama hayo, kadi ya zamani kidogo inayotoa hewa pembeni inaweza kufaa kuliko hiyo.

Makasha ya lita 15 hadi 20, kama NR200 ya Cooler Master ya mwaka 2020 yenye lita 18.25, hupokea kipoozeo cha kimo cha zaidi ya milimita 150 na feni juu na chini. Humo njia iliyozoeleka ni kuingiza hewa kwa chini na kando, kisha kuitoa juu. Sababu inayotajwa mara kwa mara ni kwamba hewa moto hupanda yenyewe. Ni kweli inapanda, lakini kwa nguvu ndogo mno ikilinganishwa na feni hata inayozunguka polepole. Power Mac G4 Cube ya Apple, iliyotoka mwaka 2000 bila feni na kuondolewa sokoni mwaka uliofuata, ilitegemea upandaji huo peke yake, tena kwa chipu zilizotumia umeme kidogo sana kuliko za leo. Sababu ya kweli ya kutolea hewa juu ni kwamba feni za kadi ya michoro huvuta kutoka chini, hivyo mkondo unaendelea mbele badala ya kugongana.

Fundisho la Mac Pro

Mwaka 2013 Apple ilitoa Mac Pro yenye umbo la mcheduara, kimo cha sentimita 25 na kipenyo cha chini ya 17. Bodi tatu ziliegemezwa kwenye kiini kimoja cha alumini chenye pembe tatu, na feni moja tu juu ikavuta hewa kutoka chini kupitia kiini hicho. Njia ya hewa ilikuwa safi kuliko karibu kila kompyuta ya wakati wake. Kilichoishinda ni mgawanyo: kiini kilitarajia chipu mbili za michoro zenye joto la wastani, moja kwa kila upande, wakati soko lilikuwa likielekea kwenye chipu moja kubwa yenye moto mwingi. Aprili 2017 viongozi wa Apple walikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba umbo hilo limewabana, na Mac Pro ya mwaka 2019 ikarudi kwenye kasha kubwa la kawaida. Xbox Series X ya mwaka 2020, mnara wenye feni moja ya milimita 130 juu, inafanya kazi kwa wazo linalofanana, ila Microsoft ilijua tangu mwanzo ni wati ngapi itazipooza na wapi.

Kupunguza umeme

Joto lisilozalishwa halihitaji feni. Umeme unaotumiwa na chipu hupanda sambamba na kasi yake, na kwa kipeo cha pili cha volti yake. Na kwa kuwa kasi ya mwisho kabisa hudai volti nyingi, asilimia chache za mwisho za utendaji ndizo ghali zaidi kwa joto. Ryzen 9 7950X ya AMD, ya mwaka 2022, inaruhusiwa kuvuta hadi wati 230, na imeundwa kufika nyuzi joto 95 bila kudhurika. Ikiwekewa kikomo cha wati 88 kupitia mpangilio wa Eco Mode, hubaki na sehemu kubwa ya uwezo wake, na kipoozeo kifupi huanza kutosha. Kadi za michoro nazo hupunguzwa volti au kikomo cha wati kwa programu. Katika kasha la lita 8 mpangilio huu ungefaa kufanywa kabla ya kununua feni yoyote ya ziada.

Feni nazo zina kanuni yake. Ukipunguza kasi kwa asilimia 20, hewa hupungua kwa asilimia 20, shinikizo kwa asilimia 36, na umeme wa kuizungusha kwa karibu nusu. Kelele hushuka sana. Ila feni nyembamba za milimita 15 huwa na shinikizo dogo tangu awali, na zikipunguzwa mno hushindwa kabisa kupenyeza hewa kwenye mapezi yaliyosongamana.

Kupooza kwa maji kwa rejeta ya milimita 240 kunawezekana katika makasha kadhaa ya lita 10 na kuendelea. Maji huhamisha joto tu. Mwishowe ni hewa ileile inayolitoa, na rejeta inayopulizia ndani hulisha kadi ya michoro hewa iliyokwisha kupashwa. Pampu isiwekwe juu kuliko sehemu nyingine zote za mzunguko, kwa sababu mapovu hukusanyika hapo.

Mahali inapotumika

Vipimo vingi vinavyochapishwa huchukuliwa katika vyumba vya nyuzi joto 20 hadi 22. Tofauti kati ya chipu na chumba hubaki karibu ileile, kwa hiyo prosesa iliyopimwa Ulaya kwa nyuzi 75 itasoma karibu 85 Dar es Salaam au Mombasa katika chumba cha nyuzi 32 kisicho na kiyoyozi. Unyevu wa pwani haubadilishi upoozaji kwa kiasi cha kuonekana, ila chumvi iliyomo hewani hula viungio vya chuma. Nairobi ina faida ya ubaridi na hasara ya mwinuko: karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ina uzito wa takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, na feni inayosukuma lita zilezile hubeba joto pungufu kwa kadiri hiyo. Vumbi ni la kote. Chujio hulizuia na kuzuia hewa pia, na kasha linalotoa hewa nyingi kuliko linavyoingiza kwa feni huvuta vumbi kwa kila upenyo ambao hauna chujio.

Upimaji

Kusoma joto dakika mbili baada ya kuwasha mchezo hakuna maana. Alumini na shaba huchukua muda kujaa joto, na kasha zima hutulia baada ya dakika 20 hadi 30 za mzigo usiobadilika. Kinachoandikwa ni tofauti na joto la chumba, na prosesa na kadi ya michoro hutwishwa mzigo pamoja, kwa kuwa kasha lenye kasoro hufichua kasoro yake pale zote mbili zinapofanya kazi. Kisha ukuta wa kando huondolewa na kipimo kurudiwa. Joto likishuka kwa nyuzi 10 au zaidi, kasoro iko kwenye njia ya hewa, na sponji au mabadiliko ya upande wa feni yatasaidia. Likishuka kwa nyuzi 2 au 3 tu, kasha halina hatia: kipoozeo chenyewe kimefika mwisho, au pesti kati yake na chipu haikuenea, na linalobaki ni kukifungua tena au kupunguza wati. Kifaa cha kuhifadhi data cha M.2 kinapaswa kupimwa katika jaribio hilohilo. Bodi nyingi za Mini-ITX huweka kimoja mgongoni, ambako hakuna feni inayofika, na huko hujipunguzia kasi bila mtumiaji kupata dalili nyingine isipokuwa mafaili makubwa kuchelewa kunakiliwa.