Kufu, Suria na Sifa ya Nyumba

Neno kufu maana yake ni mwenzi aliye sawa, na katika mambo ya ndoa hutumika hasa juu ya mume: yampasa awe sawa na mke kwa nasaba, uungwana, dini na kazi. Juu ya mke halitumiki hivyo. Twaanza hapa kwa sababu wengi hueleza utumwa wa pwani kama habari ya soko na shamba tu, wala hawaingii ndani ya nyumba.

Sultani Majid bin Said, aliyeanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, alikuwa mwana wa suria, yaani kijakazi aliyewekwa unyumba na bwana wake. Hilo halikumpunguzia heshima hata kidogo. Mtoto wa suria, babaye akimkubali, ni mwungwana kama baba, hurithi pamoja na watoto wa mke wa ndoa; na mamaye hauzwi tena, naye huwa huru bwana akifa. Basi tajiri aliweza kuzaa na mjakazi wake na nyumba isione haya.

Binti hakuwa na nafasi hiyo. Salme, dada yake Majid kwa baba, naye mwana wa suria wa Kicherkesi, alishika mimba ya mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, na mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa huko Aden. Aliporudi mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani, ndugu yake Barghash, aliyekuwa Sultani wakati huo, alikataa kumpokea. Kweli, dini nayo ilikuwamo. Lakini hata angalisilimu Ruete, twaona swali la kufu lingalibaki. Damu ya mama haikuharibu jina la nyumba; mume wa binti aliweza kuliharibu.

Huku Mrima, Wajerumani hawakufuta utumwa. Waliamuru tu ya kuwa watakaozaliwa tangu mwaka 1906 wawe huru. Waingereza waliufuta mwaka 1922. Siku hizo Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, ulikuwa ukijaa watu wa kila asili, na mgeni aliweza kukaa pasipo kuulizwa bwana wa babaye alikuwa nani.

Ila kwenye ndoa aliulizwa. Kwa sheria ya Kiislamu, mwanamke aliyeachwa huru, asiye na jamaa wa kuumeni, walii wake ni bwana aliyemwacha huru, na baada yake wanawe wanaume. Naye aliyepata uhuru kwa sheria ya serikali hakuwa na mwacha huru; kama hakuwa na jamaa, kadhi mwenyewe alisimama kuwa walii, na mashahidi waliokaa pale walielewa sababu.