Je, Michezo ya Video Imewasahau Watoto?

Panapozungumzwa habari za michezo ya video, malalamiko mawili hayakosi kusikika. La kwanza ni la mzazi anayemkuta kijana wake wa chuo ameshika pedi: mtu mzima na akili zake anachezea vitu vya watoto! La pili ni la mzazi huyohuyo, siku nyingine, anapopita sebuleni na kuona damu na bunduki kwenye skrini: ni mambo gani haya wanayoonyeshwa watoto? Malalamiko haya yanapingana, lakini yamejengwa juu ya imani moja, kwamba michezo hii ilizaliwa kwa ajili ya watoto, kisha watu wazima wakaiteka.

Katika insha hii ninakusudia kuichunguza imani hiyo kwa kufuata historia ya michezo ya video, hasa katika Marekani na Japani ambako ilikuzwa, kabla ya kurudi nyumbani Kampala. Nitajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, michezo hii haikuanzia kwa watoto. Pili, kipindi ambacho ilihesabiwa kuwa mali ya watoto kilikuwa kifupi, na kilitokana na mahitaji ya biashara. Tatu, hatari iliyopo leo inatoka kwenye mlango usio na mlinzi kati ya chumba cha wakubwa na chumba cha wadogo.

Tuanze na chimbuko. Mwaka 1962, Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza mchezo wa Spacewar!, ambamo vyombo viwili vya angani vinarushiana makombora. Kompyuta waliyoitumia, PDP-1, iliuzwa kwa takriban dola 120,000. Hakuna mtoto aliyekuwa na kifaa kama hicho nyumbani. Wachezaji walikuwa wanafunzi na watafiti wenye ruhusa ya kuingia maabara. Miaka 10 baadaye, mwaka 1972, kampuni changa ya Atari iliweka mashine ya kwanza ya mchezo wa Pong katika baa iitwayo Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California. Inasimuliwa kwamba baada ya muda mfupi mashine iligoma, na mhandisi wake Allan Alcorn alipokwenda kuitazama alikuta kisanduku cha sarafu kimejaa hadi kufurika. Waliotia sarafu hizo walikuwa watu waliokwenda kunywa bia.

Ni kweli kwamba mwaka huohuo wa 1972 kampuni ya Magnavox ilianza kuuza Odyssey, kifaa kilichobuniwa na Ralph Baer ili familia ikiunganishe na televisheni. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba watoto hawakuwepo kabisa. Hata hivyo, pesa nyingi za miaka hiyo zilitoka kwenye mashine za sarafu, na mashine hizo zilisimama mahali penye watu wazima. Hata lawama kuhusu ukatili si jambo la juzi. Mwaka 1976 kampuni ya Exidy ilitoa Death Race, mchezo wa kuwagonga viumbe kwa gari. Picha zake zilikuwa vijistari na mistari tu kwa macho ya leo, lakini magazeti ya Marekani yaliupigia kelele. Tunaona basi kwamba swali letu lina umri unaokaribia ule wa michezo yenyewe.

Sasa tujiulize: wazo la kwamba michezo ya video ni vitu vya kuchezea watoto lilitoka wapi? Jibu liko katika anguko la soko la Marekani mwaka 1983. Atari haikuweza kuwazuia watu wengine kutengeneza kaseti za mashine yake, na maduka yakajaa michezo mibovu, ikiwemo michezo michache ya ngono iliyotolewa bila idhini yake. Wateja walichoka. Mapato ya biashara hiyo nchini Marekani, yaliyokuwa zaidi ya dola bilioni 3, yanakadiriwa kushuka hadi takriban dola milioni 100 kufikia mwaka 1985. Wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari za michezo ya video.

Hapo ndipo ilipoingia kampuni ya Nintendo kutoka Japani. Ili kuwashawishi wenye maduka, mwaka 1985 iliipeleka mashine yake mjini New York ikiwa na roboti mdogo wa plastiki aliyeitwa R.O.B., ili kifaa kizima kionekane kuwa mwanasesere na kupewa nafasi kwenye rafu za vitu vya watoto. Ndani ya kaseti zake iliweka kitu mithili ya kufuli, ili pasiwepo mtu wa kuuza mchezo bila kibali chake. Pia iliweka masharti kuhusu damu, ngono na dini. Mchezo wa Wolfenstein 3D ulipoletwa kwenye Super Nintendo mwaka 1994, damu iliondolewa na mbwa walinzi wakageuzwa panya wakubwa.

Utoto wa michezo ya video, basi, ulikuwa uamuzi wa muuzaji aliyekuwa akitafuta mlango wa kuingilia dukani. Uamuzi huo ulifanikiwa mno. Mtu aliyezaliwa Marekani mwaka 1978 alikuwa na umri wa miaka 7 Nintendo ilipofika. Kwake huo ndio mwanzo, na yaliyotangulia hakuyaona. Leo mtu huyo ni mzazi, na anapolalamika kwamba michezo imeharibika, analinganisha na miaka michache ya utoto wake akidhani ndiyo asili yenyewe.

Kipindi hicho hakikudumu. Watoto wa Nintendo walipoanza kubalehe, kampuni ya Sega iliwafuata kwa matangazo yaliyoidhihaki Nintendo kuwa ni ya wadogo. Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1993, mchezo wa mapigano wa Mortal Kombat ulipotolewa kwa ajili ya nyumbani. Nintendo iligeuza damu ikawa jasho la kijivu. Sega iliiacha damu, ikaificha nyuma ya vibonyezo vya siri ambavyo kila kijana alivijua. Toleo la Sega likauzwa zaidi. Mwaka uliofuata, toleo la pili la mchezo huo lilikuwa na damu hata kwa Nintendo. Soko lilikuwa limetoa hukumu yake.

Wanasiasa nao hawakunyamaza. Tarehe 9 Desemba 1993, maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliongoza kikao cha Seneti ya Marekani kuhusu ukatili katika michezo hiyo. Kwa kuogopa kutungiwa sheria, mwaka 1994 kampuni ziliunda chombo chao, ESRB, cha kubandika lebo za umri kwenye maboksi. Ulaya ilianzisha mfumo wake, PEGI, mwaka 2003. Wengi hudhani kwamba lebo hizi zilipunguza michezo ya watu wazima. Kwa maoni yangu zilifanya kinyume chake: ziliihalalisha. Mtengenezaji aliyekuwa akiogopa kashfa sasa alikuwa na herufi ya kubandika kwenye boksi na kusema, mimi nimekwisha kuonya.

Sony ilitumia nafasi hiyo kikamilifu. PlayStation ilipofika Uingereza mwaka 1995, iliwekwa hata katika kumbi za muziki wa usiku ili ionekane kuwa starehe ya vijana wakubwa. Ikafuata michezo kama Resident Evil mwaka 1996 na Metal Gear Solid mwaka 1998. Mwaka 2001 ikaja Grand Theft Auto III, iliyotengenezwa Scotland, ambamo mchezaji ni mhalifu katika jiji zima. Jimbo la California lilijaribu mwaka 2005 kukataza kwa sheria kuwauzia watoto michezo ya kikatili, lakini mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa sheria hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alikumbusha kwamba hata ngano wanazosomewa watoto zimejaa ukatili, na kwamba michezo ya video inalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu.

Je, kwa yote hayo, tuseme sasa michezo imewaelemea watu wazima kupita kiasi? Wanaosema ndiyo wana ushahidi. Ripoti za umoja wa kampuni za michezo za Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wastani wa umri wa mchezaji uko katika miaka ya thelathini. Grand Theft Auto V ya mwaka 2013 iliingiza dola bilioni 1 ndani ya siku 3. Pesa zilipo, ndipo wabunifu hukimbilia.

Lakini ushahidi wa upande wa pili ni mzito pia. Wii ya Nintendo, iliyotolewa mwaka 2006 na kuchezwa na wajukuu pamoja na bibi zao, iliuza zaidi ya mashine milioni 100. Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali, umeuza zaidi ya nakala milioni 300, na hakuna mchezo mwingine wa dukani uliojulikana kuuzwa zaidi yake. Tena, katika orodha ya michezo inayopewa lebo na ESRB, ile ya kila mtu ni mingi kuliko ile ya watu wazima. Kwa hiyo watoto hawakusahauliwa. Nyumba imeongezwa vyumba, na chumba cha watoto bado kipo, tena kikubwa.

Tatizo ni mlango, na hapa narudi nyumbani. Katika mtaa nilikokulia Kampala kulikuwa na kibanda cha mabati chenye televisheni mbili na PlayStation 2 mbili. Tulilipa shilingi 200 kwa mechi moja ya mpira. Pembeni, kwenye televisheni ya pili, mdogo wangu wa kiume, akiwa na umri wa miaka 9, alikuwa akicheza Grand Theft Auto: San Andreas. Diski ilikuwa ya kunakiliwa, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino, na haikuwa na boksi. Miaka mingi baadaye, niliposoma habari za kikao cha Seneti cha mwaka 1993, ndipo nilipotambua kilichokosekana pale. Mfumo wote wa lebo unategemea vitu vitatu: boksi lenye maandishi, muuzaji anayelisoma, na mzazi anayelipa. Katika kibanda kile hapakuwa na hata kimoja. Mama alidhani tunacheza mpira. Mwenye kibanda alihesabu dakika, hakuhesabu miaka. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, wakimaanisha kwamba atajifunza akijikata. Nadhani hata wao walitarajia kwamba awepo mkubwa anayejua kuwa kile ni wembe.

Kuna mlango wa pili, ambao lebo hazikuulinda hata huko zilikotungwa. Mchezo wa mpira wa FIFA ulipewa na PEGI lebo ya miaka 3, kwa sababu hauna damu wala matusi. Ndani yake, hata hivyo, mchezaji aliweza kununua kwa pesa halisi pakiti za wachezaji bila kujua atakayempata, mithili ya bahati nasibu. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya kubahatisha iliamua kwamba pakiti za aina hiyo ni kamari, na mapema mwaka 2019 ziliacha kuuzwa kwa pesa nchini humo. Mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto na kuwanasa wachezaji katika manunuzi wasiyoyakusudia. Kwa miaka 30 wazee walikuwa wakichungulia chumba cha wakubwa kutafuta damu, na wakati huo tabia za kasino ziliingia chumba cha watoto zikiwa na rangi za kupendeza.

Kwa kuhitimisha, historia haiungi mkono dai kwamba michezo ya video ilikuwa ya watoto ikatekwa na watu wazima. Ilianzia maabara na baa, ikapitia duka la wanasesere kwa takriban miaka 8, kisha ikakua pamoja na wachezaji wake, kama filamu na vitabu vilivyo na wasomaji na watazamaji wa kila umri. Kuwepo kwa michezo ya watu wazima si kosa. Kosa ni kumwachia mtoto kazi ya kujichagulia chumba.

Nchini kwetu, kazi ya mlinzi wa mlango inaweza kuanza na mambo madogo. Mwenye kibanda anaweza kubandika ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kiganda, mchezo upi ni wa umri gani na kwa sababu gani. Mzazi anaweza kuingia mara moja tu, akakaa dakika 10 na kuuliza unacheza nini. Sisi tunaosoma Kiswahili tunaweza kuyatafsiri maelezo yaliyo nyuma ya herufi na tarakimu hizo, kwa kuwa 18 inasomeka kwa lugha zote lakini sababu yake haisomeki. Mdogo wangu sasa ana miaka 19, na hajawa mhalifu. Nilipomuuliza anakumbuka nini kuhusu kibanda kile, alinijibu kwamba anakumbuka kuwa hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ana miaka mingapi.