Unataka Plasma? Soma Hii Kabla Hujafika Luthuli

Eastlands nzima, kuanzia Jericho hadi Kayole, kila TV bapa inaitwa plasma. Ukiingiza kitu ya inchi 32 kwa keja leo, kesho ploti yote inajua uko na plasma. Hakuna noma, ni jina tu limeshika. Noma inaanza siku unauziwa plasma yenyewe, ile orijino, kwa bei ya kutupa, na unadhani umeomoka.

Plasma ya ukweli ni mashine tofauti na LED. Ndani ya kioo kuna vyumba vidogo vidogo mamilioni, vimejazwa gesi ya neoni na zenoni. Stima ikipita, gesi inatoa mwanga ambao jicho haliuoni, ule mwanga unagonga rangi iliyopakwa ndani ya chumba, na hapo ndio unaona nyekundu, kijani ama buluu. Kila nukta inajiwashia taa yake. LED nayo ina taa nyuma na skrini mbele inayozuia ama kupitisha mwanga. Plasma ilivumbuliwa University of Illinois kule Marekani mwaka wa 1964. Panasonic waliacha kuitengeneza mwisho wa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Kwa hivyo msee akikuambia plasma yake ni mpya, imetoka boksi leo, ama anamaanisha LED, ama anakubeba ufala.

Zenye zimebaki ni mitumba, zile za ex-UK zinazopangwa juu kwa juu madukani, na zile jirani anauza akihama. Utaijua aje? Kwanza uzito. Plasma ya inchi 42 ni kilo 20 na kitu, LED ya saizi hiyo unaibeba na mkono mmoja ukiongea na simu. Gonga mbele polepole: plasma ni kioo kigumu kama dirisha, LED nyingi zinabonyea. Iache iwake nusu saa halafu uweke mkono nyuma, utasikia joto la jiko. Alafu geuza usome kibandiko. Samsung za Ulaya zikianza na PS ni plasma, LE ni LCD, UE ni LED. Panasonic ni TX-P kwa plasma na TX-L kwa LCD. Na kama mtu anakuuzia "plasma" ya inchi 24, hiyo si plasma, wacha story mingi.

Sasa tuseme ukweli: picha ya plasma ni moto. Nyeusi yake ni nyeusi, si ile kijivu ya LED za bei ya chini. Mpira ukipigwa pasi ndefu hauachi mkia nyuma. Ukikaa pembeni ya kiti, ama chini kwa kapeti juu wageni wamejaa, rangi hazibadiliki. Kama maisha yako ni EPL wikendi na keja yako ni giza hata saa sita mchana, naelewa kwa nini unaitamani.

Lakini kuna tokeni.

Soma wati kwa kile kibandiko cha nyuma. Plasma ya inchi 42 mara mingi inakula kama wati 250. Ukiiwasha masaa sita kwa siku, hiyo ni yuniti moja na nusu. Mwezi ni yuniti 45, na hujapasha maji, hujapiga pasi, hujachaji simu. LED ya inchi 32 yenye wati 50, masaa yale yale, ni yuniti 9. Na kuna kitu wasee wengi hawajachanuka: tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ni ya wale wanaotumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi. Msee wa bedsita mwenye balbu mbili na redio anaweza kukaa hapo vizuri. Plasma peke yake inakutoa hapo, na sasa kila yuniti unayonunua, hata ya balbu, inapanda bei. TV uliyopata rahisi inakulipisha pole pole, usiku unachukua Fuliza ya tokeni dakika ya 70.

Kama ploti yenu ni mita moja na mnagawana bili, ongea na landilodi kabla hujaibeba. Siri haitakaa. Mita ikianza kukimbia, wa kwanza kuangaliwa ni wewe mwenye TV ya inchi 50.

Bado unaitaka? Sawa, basi ijaribu kabla doo itoke mfukoni. Beba USB iko na picha nyeupe tupu, nyingine ya kijivu, na kipande cha mechi. Kwa nyeupe angalia kona za juu na ukanda wa chini. Ukiona kivuli cha nembo ya stesheni ama maandishi ya habari, hiyo skrini imechomeka, na hakuna fundi wa kuitoa. Zilizotoka baa ndizo mbaya zaidi, zilikuwa zinaonyesha chaneli moja miaka mingi. Iache iwake dakika 30 muuzaji akinung'unika. Ikizima yenyewe na taa nyekundu ianze kukonyeza, mashine inakuambia ni mgonjwa, toka hapo.

Cheki matundu pia. HDMI lazima iwe, juu dikoda itaingia hapo. TV za Uingereza za kabla ya 2010 zinashika DVB-T, na Kenya tunatumia DVB-T2 tangu analogi izimwe. Nairobi tulizimiwa Februari 2015, bila shaka wazazi wako bado wanakumbuka. Usidanganywe eti hiyo ina "dijitali ndani". Bila dikoda utaona theluji tu.

Na risiti. Hapa sichezi. TV ni kati ya vitu vinabebwa sana wezi wakivunja nyumba mtaani, na lazima ziuzwe mahali. Ukikamatwa na ya wizi, kifungu cha 322 cha sheria ya jinai kinaweza kukufunga hadi miaka 14 kwa kushika mali ya wizi. Taka risiti yenye jina la duka na nambari ya siri ya TV, ile ya kibandiko. Ukinunua kwa jirani, andikianeni karatasi, na ulipe kwa M-Pesa ndio alama ibaki. Ya kuuziwa barabarani ndani ya boksi lililofungwa, sidhani nahitaji kusema.

Kuibeba: isimame wima, usiilaze kwa gari. Kile kioo ni kikubwa na kikilala kinajipinda, shimo moja la Outering na imekwisha. Nduthi sahau. Kwa ukuta, hakikisha ni mawe na si bodi, na umuulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

Ikishafika, shusha mwangaza na kontrasti, dukani huwa zimewekwa juu ili zivutie. Usiiache kwa chaneli moja siku nzima, na kama unafungua base ya PlayStation, tafuta LED, juu ubao wa matokeo wa FIFA utaichoma upesi. Iache nafasi nyuma ipumue. Mathee akileta kitambaa cha kufuma akitandaze hapo juu, mpe asante na ukiweke kwa meza. Nunua gadi ya TV, ile inangoja kidogo kabla ya kupitisha stima. Kwetu stima haiui TV ikipotea, inaiua ikirudi.

Siku itaharibika, swali ni nini kimeenda. Bodi ya stima, fundi mzuri wa Kariobangi atabadilisha kapasita na utaendelea. Skrini ikipasuka, usimlipe mtu hata ndururu ya kuitafuta, hazitengenezwi tena. Toa bodi zote, spika, miguu na rimoti, piga picha za nambari zake, na uuze kipande kwa kipande. Kuna msee mahali ana modeli kama yako, na anaisaka hiyo bodi vibaya.