Mfahamu Kweleakwelea, Ndege Mharibifu wa Nafaka

Kweleakwelea ni ndege wa jamii ya mnana, mwenye uzito wa takriban gramu 20. Peke yake hana madhara ya kutajwa. Hatari yake ni wingi: kila ndege hula takriban gramu 10 za mbegu kwa siku, hivyo kundi la ndege milioni 1 humaliza tani 10 za nafaka kati ya mawio na machweo.

Chakula chake cha asili ni mbegu za nyasi pori. Hushambulia mtama, uwele, mpunga na ngano pale mbegu hizo zinapoadimika. Mahindi humshinda kwa ukubwa wa punje. Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba mvua za kwanza humletea njaa, kwa kuwa mbegu zote zilizokuwa ardhini huota kwa pamoja. Hapo hujinenepesha kwa kumbikumbi na wadudu wengine, kisha huruka kuelekea maeneo yaliyotangulia kupata mvua, ambako nyasi mpya zimekwisha kutoa mbegu.

Huko ndiko huzaliana, hasa kwenye vichaka vya migunga yenye miiba. Dume, ambaye kwa kawaida huwa na uso mweusi na mdomo mwekundu, huanza kwa kufuma pete ya majani mabichi kati ya vijiti viwili, akiwa amesimama ndani yake. Pete hiyo huongezwa hadi kuwa kiota kilichoezekwa juu, chenye mlango ubavuni, na kazi yote huchukua siku chache tu. Jike, ambaye mdomo wake hugeuka njano msimu huo, hutaga kwa kawaida mayai 3. Makinda huanguliwa baada ya siku 10 hadi 12. Hulishwa wadudu, kisha mbegu, na baada ya takriban wiki mbili huacha kiota. Viota huweza kufikia mamilioni katika eneo moja, matawi mengine yakivunjika kwa uzito.

Kasi hiyo ndiyo inayofanya taarifa ya mapema kuwa muhimu. Makundi hudhibitiwa wakati yamekusanyika kulala au kuzaliana. Makinda yakisharuka, ndege husambaa mashambani na kuwafuata ni kazi ngumu. Mkulima anayeona makundi yakielekea kichaka kimoja kila jioni, au viota vibichi kwenye migunga, anapaswa kumjulisha afisa ugani mara moja.

Unyunyiziaji wa viuatilifu kwa ndege au ndege nyuki hufanyika jioni, kundi linaporejea kulala. Sumu inayotumika zaidi, fenthioni, huua pia tai, bundi na viumbe wengine wanaokula mizoga. Katika Wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, wananchi hunasa kweleakwelea kwa mitego na kuwala, njia isiyohitaji sumu. Hata hivyo, ndege waliookotwa katika eneo lililonyunyiziwa hawafai kuliwa wala kuuzwa, hata wakichomwa au kukaushwa.