Maboma ya Mahandaki

Maboma ya mahandaki ni makazi ya kale yaliyozungushiwa handaki na tuta la udongo, hasa magharibi mwa Kenya na nchini Uganda. Waluo huyaita gunda bur: gunda ni mahame, bur ni shimo.

Udongo uliochimbwa ulirundikwa kando kuwa tuta, na penye lango ardhi iliachwa bila kuguswa. Leo mpita njia huona kibonde kilichopinda katikati ya shamba, maji ya mvua yakituama ndani yake na majani yakichelewa kukauka.

Kubwa kuliko yote ni Bigo bya Mugenyi, kusini mwa mto Katonga, Uganda. Mahandaki yake yanazidi kilomita 10, na mahali pengine yamekatwa hadi kwenye mwamba. Peter Shinnie alichimbua hapo mwaka 1957, Merrick Posnansky mwaka 1960. Boma hukadiriwa kuwa la kati ya karne ya 14 na ya 16. Simulizi hulihusisha na Wachwezi, watawala wa kale wa hadithi. Vigae vyenye nakshi za kamba vilipatikana, na mifupa mingi ya ng'ombe, ila dalili za nyumba ni chache mno kwa eneo pana hivyo. Uwanja huo mtupu ndio unaosema mengi: yaelekea kazi ngumu kiasi hicho ilifanywa kwa ajili ya mifugo, na aliyeiamuru alikuwa na watu wengi wa kumtii.

Huko Chetambe, karibu na Webuye, magharibi mwa Kenya, Wabukusu walijihami ndani ya handaki mwaka 1895. Lilizuia mikuki, bunduki za Waingereza lilishindwa kuzizuia.

Marani, kaunti ya Kisii, inatahadharisha kwamba si kila boma lilikuwa la handaki. Abagusii, wenyeji wa hapo, walilinda ng'ombe katika ebisarate, kambi zenye uzio walimolala vijana wapiganaji, hadi serikali ya kikoloni ilipozipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1910. Uzio wa miti huoza. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, kaunti jirani ya Migori, zingali zimesimama, na ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ramani inayofuata mahandaki na mawe peke yake huwafuta Abagusii, na hilo ni kosa kubwa. Samadi hudumu kuliko uzio: kaunti ya Narok, udongo wa mazizi ya zaidi ya miaka 1,500 ungali na rutuba kuliko ardhi inayouzunguka. Katika vilima vya Marani, chini ya migomba na chai, cha kupimwa kwanza ni udongo wenyewe.