Kikuza Sauti cha Dola 39

Hapana dhana iliyowagharimu wapenda muziki fedha nyingi kuliko ile isemayo kwamba ubora wa kikuza sauti hupimwa kwa wingi wa wati zake. Na dhana hiyo ilikita mizizi hata serikali ya Marekani, mwaka 1974, ikalazimika kutunga kanuni ya kuwabana watengenezaji waliotangaza wati ambazo vyombo vyao havikuweza kuzitoa. Ilhali katika miaka ya 1930, katika nchi hiyo hiyo, baadhi ya majumba ya sinema yalijazwa sauti kwa mashine za valvu zenye wati zisizofika 10, kwa kuwa spika zake za tarumbeta zilitoa sauti nyingi kwa nguvu haba.

Maarifa hayo yalikuwa karibu yamesahauliwa mhandisi Adya Tripathi alipoanzisha kampuni ya Tripath huko California, mwaka 1995. Transista za kikuza sauti cha kawaida hukaa nusu wazi nusu zimefungwa, na nguvu inayozuilika hapo hugeuka joto. Za Tripath zilifunguka kabisa au kufungwa kabisa, mamia ya maelfu ya mara kila sekunde, hata zaidi ya asilimia 80 ya umeme ikaweza kufika kwenye spika, na haja ya mabati mazito ya kupozea ikaondoka.

Chipu moja ya Tripath, TA2024, ilitiwa katika kijisanduku cha plastiki cha kampuni ya Sonic Impact, chenye sura ya kitu cha kuchezea watoto, kilichouzwa kwa dola 39 hivi na kuendeshwa kwa betri nane ndogo, za namna ile itiwayo katika saa za ukutani. Mwaka 2005 Lucio Cadeddu, wa jarida la Kiitalia TNT-Audio, alikiunga na spika za nyumbani, akashuhudia kwamba kilistahili kulinganishwa na vyombo vya thamani kubwa mno. Tangu hapo hata wenye mashine ghali wakakitafuta.

Insafu yataka kasoro zake zitajwe. Wati 15 za tangazo hupatikana sauti ikiwa imekwisha haribika kwa asilimia 10. Kwa spika za ohm 8, zilizo safi ni sita hivi. Lakini kuziongeza wati maradufu huzidisha desibeli 3 tu, na asikilizaye kwa utulivu chumbani mwake aghalabu hatumii hata wati moja.

Kampuni ya Tripath ilifilisika mwaka 2007, lakini funzo lake limebaki. Wewe msomaji, kabla hujatoa fedha kununua mashine kubwa, tazama kwanza spika zako: zikiwa zinatoa desibeli 90 au zaidi kwa wati moja, anza na kikuza sauti kidogo.